Chakula na Mavazi ya Kale katika Nchi ya Unyamwanga

Apitaye Mpemba leo, karibu na Tunduma, huona mahindi na vitenge, akadhani ndivyo walivyoishi wazee wa Unyamwanga tangu asili. Sivyo. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika, wala hayakujulikana Afrika kabla ya mwaka 1492. Ugali wa kale ulikuwa wa ulezi na mtama. Watu walikata matawi ya miyombo, wakayachoma, wakasia ulezi katika majivu. Na ulezi huohuo ukatoa pombe.

Chumvi nayo haikuwa mbali. Huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, uchimbuzi wa Brian Fagan na John Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kuwa watu walitengeneza chumvi tangu karne ya 13 hivi. Na penye chumvi hapakosi wanunuzi.

Mavazi yalikuwa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa yakalainika. Baadaye, katika nchi za kando ya Rukwa, pamba ilisokotwa na kufumwa nguo nzito. Karne ya 19 misafara ilileta merikani. Nguo ya dukani ikaishinda ya mtande, na ufundi ukafifia.

Basi, aandikaye habari za watemi na vita peke yake amemsahau mpika chumvi, msiaji ulezi na mfumaji, ambao bila wao mtemi asingekula wala kuvaa. Elimu yao haikuandikwa. Imo vinywani mwa wazee. Na waulizwe mapema.