Kamera, mwanga na macho ya wengine: Mwongozo kwa wapiga picha wa uraibu Industrial Area

YEYOTE anayepita Barabara ya Lunga Lunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi hukumbana na mandhari ambayo wageni wenye kamera husafiri mbali kuifuata. Vibarua kwa mamia hutoka Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kwa miguu, wengine wakivuka reli. Mvuke wa sufuria za chai na uji hupanda kandokando ya barabara, nalo jua huchomoza nyuma ya moshi wa viwanda likiwa jekundu kama kaa la moto. Nusu saa baadaye, malango ya viwanda yakishafungwa, hakuna linalosalia isipokuwa malori na vumbi.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi wa mitaa ya Makongeni, Kaloleni, Maringo, Jericho na Buruburu wamejitosa katika upigaji picha kwa uraibu, wala si kwa riziki. Maswali wanayouliza ni yale yale: ninunue kamera gani? Nitajuaje kwamba picha yangu ni nzuri? Na je, nina ruhusa ya kumpiga picha mtu nisiyemjua? Makala hii inajaribu kuyajibu, ingawa mwandishi anakiri mapema kwamba swali la kwanza, ambalo huulizwa zaidi, ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Kamera za plastiki za Mathare

Mnamo 1997 mpiga picha Mmarekani, Lana Wong, alishirikiana na Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare (MYSA), kilichoasisiwa mwaka wa 1987, kuwapa vijana wapatao thelathini kamera za plastiki za bei nafuu kabisa. Miongoni mwa walioongoza mradi huo uliojulikana kama Shootback alikuwemo Francis Kimanzi, ambaye Wakenya wengi walimfahamu baadaye kama kocha wa Harambee Stars. Vijana hao walipewa filamu, wakatumwa kupiga picha za maisha yao wenyewe, kisha wakakutana kuzitazama na kuzijadili pamoja. Kitabu cha picha zao kilitolewa mwaka wa 1999, na maonyesho yake yakafika ng'ambo.

Kamera hizo hazikuwa na lolote la kurekebisha. Lenzi ilikuwa ya plastiki na filamu ilikuwa na idadi maalumu ya picha, hivyo kila ubonyezaji ulikuwa na gharama. Kilichowajenga vijana wale ni mambo mawili: walikuwa ndani ya nyumba ambazo mgeni hangekaribishwa, na kila baada ya kupiga walikuwa na mahali pa kupeleka kazi yao ikasomwa na wenzao. Mmoja wao, Julius Mwelu, aliendelea hadi akawa mpiga picha wa kulipwa na kuanzisha wakfu wa kuwafunza wengine Mathare. Kabla yao, Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh mwaka wa 1943 ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi mnamo 1984 ziliutikisa ulimwengu, alikuwa ameanza utotoni kwa kamera ya sanduku aina ya Box Brownie.

Kamera ipi?

Msomaji aliye na simu ya mkononi yenye kamera ya kuridhisha asinunue chochote kwa muda wa miezi mitatu. Na apige kila siku, hasa alfajiri na jioni, mpaka atakapoweza kutaja kwa kinywa chake jambo ambalo simu hiyo inashindwa kulifanya. Akisema "nashindwa kumleta karibu mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja" au "picha za ndani ya karakana zinatoka na chengachenga", basi anajua anachokitafuta dukani. Akisema tu kwamba kamera kubwa inapendeza shingoni, na aweke pesa zake.

Anayehitaji kamera halisi ana bahati ya kuishi wakati huu. Mwaka wa 2003 kampuni ya Canon ilipotoa EOS 300D, ilisifiwa kwa kuwa kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa kwa chini ya dola 1,000, na wachache sana Eastlands wangeweza kuiota. Leo wapiga picha wa kulipwa wamehamia kamera zisizo na kioo ndani, ambazo Sony, Canon na Nikon zimezisukuma kwa nguvu, hasa tangu 2018. Matokeo yake ni kwamba kamera za kioo walizoziacha zimejaa sokoni kama mitumba ya Gikomba, na nyingi bado zina uwezo kuliko ujuzi wa mnunuzi.

Katika kununua mtumba, tazama lenzi kabla ya kitu kingine. Ielekeze kwenye mwanga na uchungulie ndani. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na muuzaji akikuambia inafutika usimwamini. Piga picha ya ukuta mweupe au ya mbingu ukiwa umefinya tundu la lenzi hadi f/16, kisha uikuze: madoa meusi yasiyohama ni uchafu juu ya kihisi cha mwanga. Uliza pia kilango kimefunguka mara ngapi, kwa maana kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kufikisha takriban mara 100,000. Mwisho, dai risiti na uhakikishe nambari ya kamera haijakwanguliwa. Kamera nyingi za bei ya kutupa jijini zina mwenyewe anayezililia.

Kuhusu lenzi, ushauri wa mwandishi ni mmoja tu, na wapo watakaoupinga. Ukiwa na pesa za ziada, usinunue lenzi ndefu ya kuvutia watu kutoka mbali. Nunua lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 35 au 50 yenye tundu la f/1.8. Ndiyo nafuu kuliko zote, huona gizani kuliko ile iliyouzwa pamoja na kamera, tena hukulazimisha kumkaribia mtu na kumsalimu. Lenzi ndefu humfanya mpiga picha kuwa mpelelezi, na katika mtaa ulio karibu na gereza la mahabusu, bohari za mafuta na maghala ya watu, upelelezi si sifa ya kuitamani.

Vumbi, cheche na jua la utosini

Industrial Area ina maadui wake. Vumbi la chuma na saruji huingia kila mahali, hivyo usibadilishe lenzi ukiwa barabarani. Ingia ndani, uelekeze tundu la kamera chini, ubadilishe upesi. Vifuko vidogo vya chembechembe za kukausha unyevu, vile vinavyotupwa pamoja na makasha ya viatu, viweke ndani ya mkoba.

Hatari kubwa zaidi ni mafundi wa kuchomelea. Cheche zao huvutia mno, hasa magharibi, lakini kamera ya kioo huupitisha mwanga ule moja kwa moja hadi jichoni mwako. Usiutazame moto wa kuchomelea kupitia kidirisha cha kamera. Tumia skrini ya nyuma, simama mbali, nawe upige uso wa fundi aliyevaa kinyago badala ya kulenga moto wenyewe.

Nairobi imekaa zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, machweo hupita haraka, na adhuhuri, hasa Machi na Septemba, jua hukaa juu ya utosi na kuyageuza macho ya kila mtu kuwa mashimo meusi. Wakati huo mpeleke unayempiga mlangoni mwa ghala, hatua moja ndani ya kivuli, uso wake ukielekea nje. Sakafu na ukuta wa ng'ambo utamrudishia mwanga laini. Wengi huichukia baridi ya Juni hadi Agosti kwa mawingu yake, ilhali kwa picha za sura hakuna msimu bora: mbingu yote huwa kama shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa.

Jambo jingine huwatatiza wengi bila wao kujua chanzo chake. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, ni cha rangi ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mabati mapya, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukapotea. Makosa haya yana historia ndefu. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu. Dawa ni rahisi: pima mwanga usoni, au uongeze hatua moja kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza, hata ukuta ukiungua. Ukuta hautalalamika.

Nani aitazame picha?

Hapa ndipo wengi hukwama. Jamaa na marafiki husifu kila kitu, na sifa isiyotaja sababu haimfunzi mtu. Kinachohitajika ni watu wanne au watano wanaokutana mara kwa mara, kila mmoja akileta picha kumi zilizochapishwa kwa ukubwa wa kadi ya kawaida. Kuchapisha kuna gharama, na hiyo gharama ndiyo faida yake: anayelipia picha kumi huzichambua mia mbili zake kwa ukali ambao skrini haimlazimishi. Zitandazwe mezani, mwenye picha anyamaze, na wenzake waseme jicho lao lilitua wapi kwanza, kisha likaenda wapi, na ni kipi ambacho wangekiondoa. Akianza kueleza "hapa nilitaka kuonyesha..." akatizwe kwa upole. Kama picha inahitaji mwenyewe asimame kando yake, haijakamilika.

Mtaa huu una historia yake ya kutazama picha kwa pamoja. Kituo cha sanaa cha GoDown kilifunguliwa mwaka wa 2003 katika ghala lililokuwa karakana ya magari kwenye Barabara ya Dunga, na kabla ya kuondoka humo kupisha ujenzi mpya kilikuwa makao ya wachoraji, wachezaji densi na wapiga picha. Humo ndimo maonyesho ya Kenya Burning, ya picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yalipofanyika mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata Boniface Mwangi, aliyekuwa amezipiga nyingi za ghasia hizo kwa gazeti, alianzisha Picha Mtaani, akatundika picha barabarani ili mwananchi yeyote asimame, atazame na aseme. Waliozitazama hawakujadili lenzi.

Sheria nayo ina maoni yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na baa moja Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja wake. Kupiga barabarani ni jambo moja. Kusambaza ni jingine. Kwa watoto, uliza mzazi kwanza, bila kisingizio. Na msomaji akumbuke kwamba wakazi wa Sinai waliona kamera zikimiminika mnamo Septemba 12, 2011, bomba la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu 100. Mtu wa huko akikukunjia uso, usimwone mkorofi.

Mwandishi alijifunza haya kwa njia ya aibu. Nilipiga foleni ya vibarua langoni mwa kiwanda kimoja alfajiri, nyuso za kando, mwanga wa dhahabu, na kikundi chetu kikaisifu kwa juma zima. Mwenzetu mmoja tu aliuliza, "Hawa wanajua?" Nikaichapisha nakala, nikamtafuta mzee aliyekuwa mbele kabisa nimpelekee kama zawadi. Aliishika kwa muda mrefu.

"Kijana, hii ni picha nzuri," akasema. "Lakini nyumbani wanajua nimeajiriwa. Ukiiweka mahali mke wangu ataiona, nitamwambia nini?"

Sikuiweka popote. Aliniomba nirudi jioni nimpige nyingine, akiwa amevaa koti, lango likiwa nyuma yake. Nilirudi nikakuta betri ya kamera imekwisha, nikatumia simu. Jua lilikuwa limebakia kidogo, nywele zimechanwa, mkono mmoja umeshika nguzo ya lango kama mtu mwenye mahali pake. Hiyo ndiyo aliyoituma nyumbani.