Seva ya Nyumbani na Bei ya Laini

Januari 1978 theluji iliufunika mji wa Chicago, watu wakakwama majumbani. Miongoni mwao alikuwa Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM, na rafiki yake Randy Suess, mtaalamu wa kuunganisha vifaa. Wote wawili walikuwa katika klabu ya wapenda kompyuta mjini humo, na klabu ilihitaji njia ya wanachama kuachiana taarifa bila kusubiri mkutano. Christensen akaandika programu, Suess akaunda mashine kwa vipuri alivyokuwa navyo. Tarehe 16 Februari mfumo wao, CBBS, yaani ubao wa matangazo wa kompyuta, ukafunguliwa kwa umma: mtu anapiga simu kwa modemu, anasoma alichoandika mwenzake, anaacha chake, anakata.

Swali la mashine ikae kwa nani lilijibiwa na kampuni ya simu. Christensen aliishi nje ya jiji, Suess aliishi ndani, na kuipigia namba ya ndani ya Chicago kutoka mtaa wowote wa jiji hakukuhesabiwa kuwa simu ya masafa. Basi mashine ikaenda kwa Suess. Ilikuwa na laini moja, kwa hiyo ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati, na modemu yake ilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde; ukurasa mmoja wa maandishi ulichukua zaidi ya dakika nzima. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa fundi, mlinzi wa milango na mlipaji wa umeme. Novemba mwaka huohuo wawili hao walieleza mfumo wao katika jarida la Byte, na watu wa miji mingine wakaanza kujenga yao.

Mbao hizi za matangazo zilienea haraka, lakini kila moja ilibaki kisiwa. Aliyekuwa San Francisco hakuwa na sababu ya kupiga simu Baltimore kusoma soga za watu asiowajua, tena kwa bei ya simu ya masafa. Mwaka 1984 Tom Jennings, aliyekuwa na mfumo wake San Francisco uitwao Fido, alipata wazo la kibahili, na nalisema kwa heshima. Mchana watu waandike barua zao na mashine izihifadhi. Usiku wa manane, simu zinapokuwa nafuu, mashine zenyewe zipigiane, zibadilishane mafurushi ya barua, kisha zikate. Alianza na John Madill wa Baltimore, na mtandao ukaitwa FidoNet.

Kila kituo kilipewa namba, na orodha ya vituo pamoja na namba zao za simu ikasambazwa kwa wote. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mtandao, na ndiyo iliyoleta kizaazaa. Namba moja iliandikwa vibaya, na mtu asiyehusika akawa anaamshwa usiku na simu: akiinua, hasikii neno, ni mluzi wa modemu tu. Mashine ya Fido, ikikosa jibu la mashine mwenzake, ilijaribu tena. Baada ya hapo waendeshaji walijifunza kuhakiki namba kwa kupiga wenyewe kwa sauti ya binadamu kabla ya kuikabidhi kwa programu.

Hapo katikati ya miaka ya 1990 vituo vilizidi 30,000 duniani, vingi vikiwa katika nyumba za watu binafsi. Katika mgawanyo wa mtandao huo, Afrika ilipewa ukanda wa 5. Huku kwetu, hata hivyo, Fido haikuingia kama burudani ya vyumbani. Laini ya simu ilikuwa adimu na dakika ya kupiga ng'ambo ilikuwa ghali mno, hivyo waliobeba mzigo huo walikuwa taasisi. Nairobi, kituo cha mashirika ya mazingira cha ELCI kiliendesha mradi wa NGONET, uliopeleka barua za mashirika nje kupitia mtandao wa GreenNet wa London. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kitovu cha ESANET, mradi uliounganisha watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Mara nyingi mashine ya London ndiyo iliyopiga simu, ikakabidhi barua na kuchukua nyingine kwa pigo hilohilo, maana dakika iliyolipiwa Uingereza ilikuwa nafuu kuliko iliyolipiwa Afrika. Ukitaka kujua kwa nini teknolojia ile kuukuu ilidumu huku wakati wenzetu wameshaiacha, sababu ni hiyo: ilijua kusubiri, na ilitumia laini kwa dakika chache tu.

Intaneti ya kudumu ilipofika, simu za usiku zikapoteza maana. Mtu angeweza kudhani sasa ndio wakati wa seva za nyumbani, kwa kuwa kompyuta ya kawaida iko hewani saa zote. Mambo yakaenda kinyume. Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilitangaza Gmail yenye gigabaiti moja bure, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2. Barua, kisha picha, kisha nyaraka, zikahamia kwa wenye majengo ya seva. Nani angehangaika na diski zake kwa huduma asiyoilipia?

Wasiwasi ulianza pale huduma za bure zilipoonyesha kuwa zina mwenyewe. Julai 2013 Google ilifunga Reader, na waliozoea kusomea habari zao humo wakatafuta pa kwenda. Juni 2021 ikasitisha hifadhi ya picha isiyo na kikomo. Vifaa vya kujitegemea vilikuwa vimeshaiva: Frank Karlitschek wa Ujerumani alianzisha ownCloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe, mwaka 2010, na mwaka 2016 akaiacha na kuanza Nextcloud; Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya dola 35, ilitoka Februari 2012; na tangu mwisho wa 2015 Let's Encrypt hutoa vyeti vya usalama bila malipo. Mashine ya kutunza picha za familia nzima sasa inakaa nyuma ya televisheni.

Kilichokosekana ni anwani ya kuifikia mtandaoni. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti una anwani takriban bilioni 4.3, na Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa. Mitandao, hasa ya simu za mkononi, ikazidi kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja; Aprili 2012 fungu maalumu, linaloanza na 100.64, lilitengwa kwa kazi hiyo. Mteja wa namna hii anaweza kwenda popote mtandaoni, lakini hakuna anayeweza kubisha hodi kwake.

Dawa inayotumika sana ni kukodi seva ndogo ya mbali yenye anwani yake, na kuchimba handaki kati yake na nyumbani kwa WireGuard, programu ya Jason Donenfeld iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2020. Ni mashine ya nyumbani inayopiga, si kupigiwa, na kwa kawaida huambiwa itume kapakiti katupu kila baada ya sekunde 25 ili njia isizibwe na mtoa huduma. Bili ya kila mwezi ni ya ile seva ya kukodi, ambayo haihifadhi hata picha moja.