Kuwaombea Wenzetu Wakati wa Dhiki: Mafundisho ya Sagalla na Kasigau

Mtu asimamaye mjini Voi na kuelekeza macho yake kusini huiona milima ya Sagalla. Huko juu, mwaka 1883, Joseph Alfred Wray, mmisionari wa C.M.S., alianza kazi ya kuhubiri Injili. Hakupata kukaa kwa raha. Mvua zilikosekana, na katika miaka ya 1884 na 1885 njaa kuu iliipata nchi ya Taita. Watu wengi walikufa. Wengine walishuka kwenda pwani kutafuta riziki.

Katika dhiki ile wenyeji walimtazamia mgeni wao mvua. Waliona ya kuwa mtu anenaye na Mungu kila siku hana budi kuwa na uwezo juu ya mawingu. Mvua ilipozidi kukawia, wakamshuku kuwa ndiye aizuiaye. Ikambidi aondoke kwa muda, kisha akarudi kuendelea na kazi yake. Na mwaka 1894 kitabu chake cha kufundisha lugha ya wenyeji kikapigwa chapa.

Tusiwacheke wazee wetu kwa shaka yao. Swali lao ni letu hata leo: ikiwa tunaombewa, mbona hali haigeuki? Jibu ni kwamba mwombezi si mwenye mvua. Yeye husimama pamoja na wenye taabu mbele za Mungu, akiihesabu taabu yao kuwa yake. Wenye njaa walioshuka hadi Rabai walikuta kijiji cha misheni ambamo wengi walikuwa watu waliotoka utumwani, waliokwisha kuonja dhiki wao wenyewe. Mwenye njaa hashibi kwa amina peke yake. Maombi yapasa kufuatwa na kibaba cha unga.

Lakini liko jambo lililo gumu kuliko kutoa unga. Kabla ya misheni kufika, Wataita walikuwa na ibada iitwayo kutasa. Mtu mwenye uchungu na ndugu yake alitia pombe au maji kinywani, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya heri, ili hasira imtoke. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni yaweza kuleta maradhi na hasara katika nyumba. Injili nayo yafundisha ya kwamba aombaye na asamehe kwanza. Basi mafundisho haya mawili yalikutana mlangoni pa jambo moja: moyo wenye kinyongo haufai kumwombea mtu.

Mwaka 1915 jambo hili lilipata mizani yake nzito. Wajerumani waliishika ngome ya Waingereza huko Kasigau, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamewasaidia adui. Watu wa Kasigau wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, nchi ya joto na homa, na wengi wakafa huko. Waliosalia walirudi kwao katika miaka ya 1930, baada ya miaka kama ishirini ugenini.

Ni nani awezaye kumwambia mtu aliyezika watoto wake Malindi awaombee waliompeleka huko? Msemo wetu wasema, adui mwombee njaa. Wataita, walioijua njaa ya 1884, walijua pia uzito wa dua kama hiyo. Kumwombea adui si kusema kwamba hakukosa. Kosa la Kasigau lilikuwa kosa, na yafaa likumbukwe na kutajwa. Ni kukataa tu kwamba kosa hilo litawale moyo wa aliyekosewa.

Wanachama wapenzi, mwaka hadi mwaka tunachangiana kwa ajili ya wagonjwa, wajane na yatima. Kabla ya kutoa mchango, kila mmoja na ajiulize kama yuko jirani asiyeweza kulitaja jina lake katika sala. Hapo ndipo maombezi yake yanapopaswa kuanzia.