Dalali, Mteja na Mshawishi: Historia Fupi ya Kusifu Bidhaa katika Soko la Ngagara

Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Pamoja na mali, wafanyabiashara walipoteza jambo lisiloingia katika hesabu za hasara, nalo ni mahali walipojulikana. Wengi walihamia masoko mengine, likiwemo soko la Ngagara II, ambalo wenyeji huliita COTEBU kwa jina la kiwanda cha nguo kilicho jirani. Ngagara, mtaa uliojengwa na OCAF, ofisi ya makazi ya Waafrika ya serikali ya Kibelgiji, katika miaka ya 1950, haikuwa na mazoea ya biashara kama Buyenzi, ambako Kiswahili na uchuuzi vilikuwa vimekwisha kuzoeana. Muuzaji wa vitenge aliyehamia huko alihitaji mtu wa kumtaja.

Watajaji walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni komisiyoneri, yaani dalali, amletaye mnunuzi kwa ujira. Wa pili ni mteja mwaminifu, amwambiaye jirani yake kwamba fulani sasa yuko COTEBU na bei yake ni ile ile. Mteja huyu halipwi kitu, na ndiyo maana husadikiwa.

Mwambao ulikuwa na mfano wake mapema. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lilichapisha kanga zenye maneno “Mali ya Abdulla”. Mwanamke aliyejitanda kanga hiyo alilitembeza jina la duka mjini, tena baada ya kuilipia mwenyewe. Hata hivyo hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa jina lilionekana wazi kwenye nguo. Vivyo hivyo “kupiga debe”, msemo ambao sasa umehamia hata katika siasa: anayesikia debe likipigwa anajua kuwa mpigaji anatafuta riziki.

Mshawishi wa mitandaoni amezichanganya nafasi hizo mbili. Msanii au mchekeshaji wa Bujumbura anayesifu mafuta ya ngozi kwa Kirundi kilichochanganywa na Kiswahili hulipwa kama dalali, lakini husema kama mteja. Mashabiki wake huyasambaza maneno hayo katika makundi ya WhatsApp bila ujira, na kila yanapopita mkono mmoja, alama ya malipo inazidi kufifia. Kwa dalali mnunuzi hupunguza bei. Kwa rafiki haoni sababu ya kubishana. Katika mafuta ya kuchubua ngozi, tofauti hiyo ni ya afya, si ya fedha tu.

Kuwapiga marufuku washawishi ni kazi bure, na kungewaumiza zaidi wachuuzi wadogo wasioweza kulipia redio. Kinachowezekana ni kudai malipo yatajwe, tena katika lugha ile ile ya sifa. Tangazo likisemwa kwa Kirundi na Kiswahili, kisha ilani ikaandikwa kwa Kifaransa chini ya picha, mnunuzi wa Ngagara hajaambiwa kitu.