Nani Aliweka Chai Mezani?

Kwenye riwaya za upelelezi za Uingereza, mtu akifa tu, birika linawekwa jikoni. Polisi wanafika, chai inamiminwa. Mjane analia, anapewa kikombe. Kwenye The Thursday Murder Club ya Richard Osman (2020), wazee wa Kent wanafukua mauaji huku chai na keki ziko mezani. Mimi nazipenda hizi riwaya, siwezi kuficha. Ila ukizisomea Kericho, kuna swali linakusumbua ambalo mpelelezi haulizi: haya majani yametoka wapi?

Agatha Christie alikaribia. A Pocket Full of Rye (1953) inaanza na chai ya ofisini. Bosi anakunywa, anaanguka, anakufa. Wote wanashuku kikombe, kumbe sumu aliila asubuhi nyumbani, kwenye jemu. Samahani kama nimekuharibia. Chai ikaachiliwa huru. Halafu kuna mwana wa marehemu aliyerudi kutoka Kenya, na Kenya yenyewe ni mahali pa kutokea tu, basi.

Sasa fungua faili la huku. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za Wakipsigis kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Mradi ukaanguka. Wenyewe hawakurudishiwa ardhi. Miaka hiyo ya 1920 kampuni za chai zikaingia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho. Walitolewa kwenye baridi ya milimani wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o.

Fumbo liko wapi hapo? Aliyefanya anajulikana, na sheria aliichapisha mwenyewe. Agosti 2022, wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg.

Hapo ndipo mimi na hizi riwaya tunaachana. Zinaamini kwamba mhusika akishatajwa, kazi imeisha: kitabu kinafungwa, watu wanarudi nyumbani. Kericho na Bomet mhusika alitajwa kitambo. Lakini watu warudi nyumbani gani, na nyumbani ndiko kunakodaiwa?