Tanga, Ungo na Simu

Mwezi wa saba, Rhotia wilayani Karatu, maharage yameshapurwa. Mama amesimama juu ya turubai, ungo kaupakata kiunoni, lakini hamimini. Anachota konzi ya makapi, anaiachia. Yakidondoka miguuni pake, anasubiri. Yakisogea hatua mbili tatu, anaupandisha ungo usawa wa kichwa na kuanza kumimina. Yakiruka hadi kwa jirani anaacha, maana upepo wa namna hiyo huondoka na maharage mepesi pia.

"Mama, simu inasema upepo wa mashariki, kilomita 15 kwa saa."

"Mbona hapa haujafika, mwanangu?"

Pwani, swali hilo lingejibiwa kwa jina. Kule upepo ni kalenda. Kaskazi iliyaleta majahazi ya Arabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kusi ikayarudisha kwao, na katikati yakawapo maleleji, upepo usipokuwa na msimamo. Hata neno msimu limetoka katika mawsim ya Kiarabu, ambayo kwa mabaharia ilikuwa majira ya kusafiri. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15, aliandika tarehe za kung'oa nanga kwa hesabu ya siku za Nairuzi, mwaka mpya wa jua. Nahodha alihitaji upepo wa miezi. Saa moja ya utulivu haikumvunjia safari.

Bara, jicho liko kwenye mvua. Wairaqw, ambao ni wengi Karatu, walikuwa na qwaslare, wataalamu wa mvua walioogopwa na kuheshimiwa. Upepo mkulima hukutana nao akiwa kazini, ungo mkononi, na anachotaka kujua ni saa yake na nguvu yake.

Hapo mama anafanana na mtu asiyetarajiwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza aliupanga upepo kwa ngazi iliyoishia 12, kipimo chake kikiwa matanga ambayo manowari ingeweza kuyabeba. Baadaye ngazi hiyo ilipandishwa nchi kavu: daraja la 3, majani na vijiti havitulii, la 4, vumbi na makaratasi huinuka. Daraja la 3 ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Beaufort alitazama matanga, mama anatazama makapi. Wote wawili wanaupima upepo kwa kile unachokifanya.

Namba ya kwenye simu imezaliwa kwingine. Ni kasi ya mita 10 juu ya ardhi, tena ni wastani wa mraba mzima. Katika mfumo wa kituo cha utabiri cha Ulaya, mraba mmoja una upande wa kilomita 9 hivi. Mraba huo humeza kilima pamoja na bonde lake. Mchana jua hupasha miteremko na hewa hupanda. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milima ya Ngorongoro. Nyumba iliyojibanza nyuma ya kilima haimo kwenye hesabu.

Hata hivyo simu haijadanganya. Ng'ambo ya milima hiyo, karibu na Olduvai, lipo tuta la majivu meusi ya volkano, umbo la mwezi mwandamo, linalohamia magharibi zaidi ya mita 10 kila mwaka. Ni ushahidi kwamba upepo mkuu wa huku hutoka mashariki. Lakini tuta husema habari za mwaka, kama kaskazi na kusi. La leo saa nane halilijui.

Basi mama anafanya jambo ambalo si simu wala makapi peke yake yangemfundisha. Anamwambia kijana washike pembe za turubai, waligeuze, makapi yaelekee zizini yasiingie jikoni. Mwelekeo kauchukua kwenye simu. Kisha anachota konzi nyingine, anaiachia, na kukaa kwenye kigoda kusubiri.