Kifimbo Kinacholia Mlangoni

Kila Agosti 7 ikikaribia tunaikumbuka kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Mwaka 1998 lori lenye bomu liliua watu 213 hapa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au njiani tu. Bustani ya ukumbusho tunayo. Urithi mwingine hatuutaji: ukaguzi wa mlangoni, uliozidi baada ya jeshi letu kuingia Somalia Oktoba 2011, na kile kifimbo cheusi ambacho askari hukupitishia kiunoni.

Ndani yake mna koili inayotoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Chuma au shaba ikikaribia, umeme huzunguka ndani yake na kuzalisha uga wake wenyewe. Kifimbo huuhisi, kikalia.

Wa kwanza kujulikana kwa kutafuta metali kwa njia hii alishindwa. Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, moja ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaleta mtambo wa koili kuitafuta. Mlio ukamchanganya, kwani kitanda kilikuwa na springi za chuma. Tena daktari mkuu, Willard Bliss, alishikilia kwamba risasi iko kulia, akamruhusu Bell apekue upande huo tu. Kumbe ilikuwa kushoto. Garfield akafa Septemba 19. Kosa halikuwa la mtambo peke yake; ukaidi wa daktari, je?

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Mpolandi Józef Kosacki alitumia njia hiyo hiyo kutengeneza mtambo wa kutafutia mabomu ya ardhini, nao ukatumika El Alamein, Misri, mwaka 1942.

Kwetu Westlands, Septemba 21, 2013, wauaji waliingia jengo la maduka la Westgate wakifyatua risasi, wakaua watu 67. Bunduki iliyo wazi haihitaji kifimbo kuitambua. Januari 2019, pale kwenye majengo ya 14 Riverside, watu 21 wakauawa katika shambulio jingine. Mashine zikaongezwa.

Leo, ingia duka kubwa lolote na funguo, simu na mshipi wa bizimu. Kifimbo kitalia, askari atasema "karibu", nawe utapita. Akithubutu kumsimamisha mwenye suti, hufokewa. Wenye majengo, mfunzeni askari huyo na mumpe mamlaka ya kumsimamisha yeyote. Nawe msomaji, kikilia, fungua mkoba kabla hujaombwa.